Neema Anaongea Nje Tu

Dada Editha,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kile kiti kifupi cha watoto ulichokipenda, maana kesho asubuhi wazazi wanakutana hapa shuleni Nambambo. Ajenda ni moja: watoto wa darasa la awali waache kutolewa nje. Atakayesimama kwanza ni mama yako mzazi. Amepanda bodaboda kutoka Nkowe kwa ajili hiyo tu.

Tangu tulipokuzika, watoto ninao peke yangu. Mwalimu mwingine hajaletwa. Naendelea kama tulivyokuwa tukifanya: tunaimba, halafu tunakwenda kwenye mikorosho nyuma ya shule, mabibo mekundu wanaweka huku, ya njano kule, wanahesabu, wanachora tarakimu kwenye vumbi. Lakini zamani wewe ulikuwa mbele na mimi nyuma. Sasa nikiwa mbele nahofia wa nyuma, nikiwa nyuma nahofia wa mbele. Siku hizi naota nyoka, dada.

Kuongea na wazazi ndiko kunakonitisha zaidi. Unakumbuka mkutano wangu wa kwanza, nimetoka Singida hata mwezi sijamaliza? Nikasimama kifua mbele: "Wiki ijayo nawapeleka watoto wenu porini, wakacheze ngoma na kufundishwa." Wazazi wakatazamana. Sikujua kwamba huku ukisema hivyo umetangaza jando na unyago. Mzee mmoja akavua kofia, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, hawa bado wadogo. Na wewe ni mgeni, kazi hiyo ina wenyewe." Wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Jamani, kwao Singida kucheza ni kukimbiakimbia tu!" Mkutano mzima ukaangua kicheko, na ruhusa tukapewa. Kesho nikiteleza ulimi, nani atanisaidia?

Nikueleze ya Neema, maana ni mwanao. Tangu msiba hajasema neno darasani. Nikiita jina lake anainamisha macho. Baba yake anasema hata nyumbani ni kutikisa kichwa tu.

Wiki iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka kwenye mikorosho. Nikahesabu, hayupo. Nikahesabu tena. Wenzake nikamwachia mwalimu wa darasa la kwanza, nikakimbia huku naita jina lake. Nikamkuta amechuchumaa kwenye kichuguu, anawaambia mchwa: "Haya, haya, twendeni, asibaki mtu." Maneno yako, dada. Sauti yako kabisa. Nilipaswa kumnyakua palepale. Nilisimama nyuma ya mkorosho nikalia, nikamwacha aongee mpaka akamaliza.

Habari zilifika Nkowe zimeshakua: mtoto kapotea, mwalimu alikuwa anachezea simu. Jana mama yako alinijia hapa mlangoni, hata kukaa hakutaka. "Mwalimu, mwanangu nimeshamzika. Huyu mjukuu usinitembezee porini." Ana haki. Nyoka wapo, na mtoto kweli alinipotea mikononi. Nikisema Neema anaongea huko nje tu, wataona najitetea. Nikinyamaza, watatufungia ndani, na hofu yangu kubwa ni kwamba mwanao atanyamaza moja kwa moja. Nimepanga hotuba, nimeifuta, nimeipanga tena. Kila nikiisoma naiona ya mtu mwongo.

Halafu leo mchana. Wenzake wameshaondoka, yeye amebaki anamsubiri baba yake, mimi nafagia. Nikamuuliza tu, kama mtu anayejisemesha: "Neema, wewe ungependa tusomee wapi?" Nikaendelea kufagia, maana nimezoea kutojibiwa.

"Nje," akasema. "Na bibi aje."

Humu humu darasani, dada. Ufagio ulinidondoka. Nilitaka nimuulize tena nisikie vizuri, nikaogopa nitaharibu, nikainama kuuokota ufagio na kufagia mahali palepale nilipokwisha kufagia.

Kwa hiyo hotuba nimeiacha. Kesho nitasimama niseme kwamba nilimpoteza mtoto, na jinsi nilivyomkuta. Kisha nitamgeukia mama yako nimwambie mjukuu wake anamwita. Sijui kama ataamini. Sijui hata kama nitaweza kuimaliza sentensi hiyo mbele ya watu.

Pumzika, Dada Editha. Nakuahidi jambo moja ninaloliweza: mama yako akikataa kesho, Jumamosi nitamfuata Nkowe, nimwombe tena. Akikataa na huko, nitarudi Jumamosi nyingine, mpaka amshike mwanao mkono watoke wote.

Mdogo wako,
Ayubu