Kielelezo cha Pili

4 Machi 1968

Mjukuu wangu, mume wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila magoti yamegoma. Sasa wewe ni karani wa masjala, mafaili yote ya mahakama yako mikononi mwako. Nitafutie hukumu ya mama yangu. Alimtoroka bwana aliyemmiliki akiwa amenibeba mgongoni, akaenda kwa hakimu, hakimu akamwacha huru. Ndivyo alivyonisimulia hadi anafumba macho. Nataka niishike karatasi hiyo kabla sijafa.

Bibi yako

19 Machi 1968

Shikamoo Bibi,

Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, kikohozi cha vumbi tu. Nimepekua daftari zima la walioachwa huru. Mama yako hamo. Labda ilikuwa mahakama nyingine?

Mjukuu wako

27 Machi 1968

Mume wangu,

Salamu baadaye. Mahakama ni hiyo hiyo, yenye ngazi saba. Mama alizihesabu akipanda. Umetafuta kivivu kama unavyofua mashati yako. Rudia.

Bibi

2 Mei 1968

Shikamoo Bibi,

Natumaini hujambo. Nimechelewa kuandika kwa sababu nimelipata faili, nikawa sijui nianzie wapi.

Halikuwa pamoja na kesi za watu. Lilikuwa kwenye kabati la mali zilizopotea, kati ya kesi ya punda na kesi ya cherehani, kwa jina la bwana wake, maana mtumwa hakuweza kufungua kesi. Hakimu alimpa mama yako kiti, akamsikiliza asubuhi nzima. Kisha akaandika, kwa mwandiko mzuri sana: "Mali irudishwe kwa mwenyewe." Chini yake ameorodhesha vitu vilivyoletwa mbele yake kama ushahidi: "Kielelezo cha kwanza, mwanamke. Kielelezo cha pili, kichanga cha kike."

Nilifunga faili, nikaenda kula. Sijalia. Sisikii kitu chochote moyoni, Bibi. Nisamehe.

Mjukuu wako

30 Mei 1968

Mume wangu,

Hujambo? Magoti ni yale yale. Niliisoma barua yako, nikaendelea kuchambua maharage. Kumbe mama alinidanganya ili nikue nimenyoosha mgongo. Simlaumu. Ngazi za kushuka hakuwahi kunisimulia, nami sikuuliza.

Nitumie nakala yenye muhuri. Hiyo hiyo. Sina karatasi nyingine yenye mama yangu ndani.

Bibi

14 Juni 1968

Shikamoo Bibi,

Pole na magoti. Nimeomba, msajili amekataa. Nakala hupewa mhusika wa kesi au warithi wake, na mhusika ni yule bwana. "Kielelezo hakiombi nakala," kaniambia, akanirudishia fomu bila kuinua macho. Si mtu mbaya. Kanuni ndivyo zilivyo.

Mjukuu wako

21 Juni 1968

Mume wangu,

Hujambo? Usigombane na mkubwa wako, kazi zenyewe hazipatikani. Jumatatu asubuhi nisubiri chini ya zile ngazi saba unishike mkono, magoti haya peke yake hayaziwezi. Nitakaa kwenye benchi la masjala mpaka wafunge, na kesho yake tena. Wakikuuliza mimi ni nani, waambie kielelezo cha pili kimerudi, kinamtaka mama yake.

Bibi yako