Sinia la Mtu Mmoja

Sinia la Raya limewekwa dirishani, mdogo wangu Zuwena, kwenye duka la wenye nafasi zao, katikati ya London, na limewashiwa taa yake peke yake. Haya, sasa nakusalimu. Hujambo? Mguu umepoa? Mimi mzima, ila baridi na ukimya wa hapa Thamesmead.

Nilikwenda kuliona. Nikamkuta bibi mmoja wa Kizungu anatazama, nikamwambia aliyelitengeneza ni mwanangu wa kumzaa. Akatabasamu. Nikamwambia tena, isije ikawa hakusikia.

Ufundi ni wa Kijapani, alifunzwa na mzee wa huko. Ubao mwembamba unalainishwa kwa maji moto, unakunjwa duara, unashonwa kwa utepe wa gome, kama bibi yetu alivyokuwa akishona ukili wa mikeka. Hamna msumari hata mmoja. Kisha linapakwa utomvu wa mti mpaka unajiona uso.

Lakini dogo, Zuwena. Sahani na kibakuli, basi. Huko kila mtu na lake. La kwanza kabisa aliniletea mimi. Nikapakua pilau kama nilivyozoea, likamwagika mezani, pilau la nyumba nzima na tumo wawili. Nikamuuliza sinia la mtu mmoja ndiyo nini, mtu ale na nani? Unamjua, mimi nasema Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza. Siku ile alijibu kwa Kiswahili, polepole, anatafuta maneno.

"Mama, nilikuwa nakuangalia wewe unavyokula."

Nikaanza kuokota wali.

Nalitumia kila siku, maana yeye akirudi kazini mimi nishalala. Zuri, silisemi vibaya. Ila nilimwomba kubwa, kama la kwetu. Akacheka, akasema halitapita mlangoni. Kalitengeneza, na limepita kwa ubavu. Limeegemea ukuta nyuma ya kochi, halijaona tonge. Yeye kasema haliuzi, mimi nimesema siliweki chini mpaka mje.

Viza zenu zimetoka, kwa hiyo usinambie habari za mguu. Msalimie shemeji, mumeo, aje na kofia yake nzuri. Kaka Haji aliyetulea mwambie aache ubishi, tiketi yake Raya keshakata. Na shangazi Bi Time asiyeweza kusafiri, nibusie mikono yake, sehemu yake haitakaliwa na mtu.

Ni mimi dadako, mama yake Raya.

Sinia litakuwa chini Jumamosi ya kwanza baada ya Idi.