Tuzo Uliyoitaka, Mama

Mama, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipotutoka, na bado tukipita mlango wa chumba chako cha kusomea tunapunguza sauti, kana kwamba umo ndani na kazi za wanafunzi na utatoka kutufokea. Baba amesema tukuandikie wenyewe, tusimwachie mtu wa gazeti. Kalamu nimeishika mimi, mwanao wa pili, kwa sababu Dada akiandika, kila kitu kinasomeka kama hati ya mahakama, na Baba hafiki mstari wa pili bila kutoa leso.

Tunakukumbuka ukiingia jioni na tope kwenye pindo la sketi, unauliza maswali matatu kabla hujaketi: mmekula, mmesoma, nani amevunja hiki. Tunazikumbuka chupa za dawa ambazo Baba alikuletea kutoka famasi yake, ukazipanga dirishani jikoni na konokono ndani yake. Baba hupenda kusema alijua anaoa mwalimu, hakuambiwa kwamba bibi harusi anakuja na konokono wake. Alizoea. Mpaka leo akiosha glasi huichungulia kwanza.

Ulikuwa mhadhiri wa biolojia, na maisha yako yote kazini yalikuwa konokono wa majini. Wanafunzi walikuita Mama Konokono, nawe ukajitia hujui. Kwenye mazishi watu walisimama mmoja mmoja wakisema ulikuwa mpole, uliwalea kama watoto wako. Mama, tulitazamana. Mpole nani? Uliwarudishia wanafunzi kazi zao mpaka karatasi zikawa laini kama kitambaa. Mtu akikuletea jibu zuri mno ulikunja uso na kuuliza, "Na kama si hivyo?" Hata Dada alipomleta mchumba wake nyumbani akatwambia kijana anampenda, ulimtazama yule kijana juu mpaka chini ukauliza vilevile. Maskini shemeji alimwaga chai.

Lakini ni kweli kwamba uliwalea. Uliketi nao. Mwanafunzi akikwama, hukumwambia aende akasome, ulivuta kiti ukakaa kando yake hadi mkwamo uonekane, hata kama chakula kilikuwa kinakungoja mezani. Hilo walilolisema kwenye mazishi hawakutia chumvi.

Kila mwaka idara ilifanya hafla yake katika ukumbi ule wa viti vya kukunja, na tuzo zilikuwa mbili. Ya Ulezi ilikwenda kwa mwalimu ambaye wanafunzi walimchagua kwa kuwalea vizuri. Ya Utafiti ilikwenda kwa yule ambaye jina lake limetangulia kwenye makala bora ya mwaka. Ile ya Ulezi uliipata mara nyingi hata kabati la sebuleni likajaa, moja ukaifanya kizuizi cha mlango wa jikoni. Wageni waliona wakasifu unyenyekevu wako. Sisi wenye nyumba tulijua kwamba ile ilikuwa hasira.

"Wamenipa tena ya ulezi," ungesema ukivua viatu. "Kwani mimi yaya?"

Uliitaka ya Utafiti. Tuseme wazi, maana leo hatuna haja ya kuficha. Uliitaka tangu sisi wadogo, kila mwaka ulishona gauni jipya kwa ajili yake, na kila mwaka ulikaa mstari wa pili ukampigia makofi mtu mwingine. Tuliyajua haya sisi watatu tu. Nje ya nyumba hukutia neno.

Na kilichokunyima hiyo tuzo ni kanuni yako mwenyewe. Ulipokuwa mwanafunzi ulishinda kwenye vidimbwi msimu mzima, miguu ikababuka, kisha makala ikatoka na jina la msimamizi wako mbele. Yule mzee hakuwahi hata kushuka kwenye gari. Ulilia, ukaapa kwamba ukipata maabara yako, anayeingia majini ndiye atakayetangulia. Ukaipata maabara, ukaishika kanuni, na miaka ya mwanzo ilikufaa, kwa kuwa mwenye kuingia majini ulikuwa wewe, ingawa makala zako bado zilikuwa ndogo. Halafu magoti yakakataa. Kuanzia hapo ukawa unakaa ukingoni kwenye stuli ya plastiki, unaelekeza kwa fimbo na kufoka, na jina lako likahamia mwisho.

Mwaka ambao Mrefu, mwanafunzi wako wa kwanza wa uzamivu, alichukua Tuzo ya Utafiti kwa swali ulilompa wewe, ulipiga makofi kuliko wote ukumbini. Ulipofika nyumbani uliosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Baba akasimama mlangoni.

"Si uibadilishe tu hiyo kanuni? Ni yako."

"Nikiibadilisha sasa kwa sababu magoti yananiuma," ulimjibu, "basi yule mzee nilimlaumu kwa lipi?"

Ukaendelea kuosha. Baba akachukua kitambaa akakusaidia kukausha.

Haya unayajua. Tunayaandika ili wanaosoma wajue tunachotaka kukwambia, maana tangu ufariki kuna jambo limetokea, na tuliloamua tuliamua bila wewe.

Unamkumbuka Kimya, yule binti, mwanafunzi wako wa mwisho pale maabara, uliyemwita hivyo kwa kuwa ulikuwa unamvuta maneno kama unavyovuta ndoo kisimani. Ulikuwa umempa swali lako kuu: kwa nini konokono wa kidimbwi cha juu wana magamba mazito, na wa kidimbwi cha chini, hatua chache tu kutoka hapo, wana magamba mepesi kama ganda la yai. Wenzako walisema ni maji. Wewe ulisema ni kaa: kidimbwi cha juu kina kaa wanaokula konokono, cha chini hakina. Mkatengeneza vizimba vya wavu, mkahamisha konokono wa chini kwenda juu, mkangoja. Katikati ya kungoja ukalazwa. Kisha mvua ikanyesha, vidimbwi vikafurika.

Kimya aliingia majini peke yake akavishikilia vizimba hadi wenzake walipomfikia na kamba. Vilipona. Miezi michache baadaye wale konokono wa magamba mepesi, walioishi karibu na kaa, walikuwa wameota magamba mazito. Mama, ulikuwa umesema kweli. Hukuishi kuona, na hili ndilo linalotuuma kuliko mengine yote.

Makala ilipokaribia kutoka, Kimya alikuja nyumbani na mkuu wa idara. Tuliwakaribisha sebuleni, wakakaa chini ya kabati lile la tuzo. Mkuu alikunywa maji, akamtazama binti, binti akatazama sakafu, hatimaye akasema.

"Baba, nimekuja kuomba ruhusa. Swali ni la Mwalimu. Njia ya kulijibu ni ya Mwalimu. Mimi nataka jina lake litangulie, langu lifuate."

Mkuu akaeleza kwamba ni lazima familia ikubali, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Akaongeza, "Na niseme lililo wazi. Makala hii mwaka huu haina mpinzani. Jina la Mama likitangulia, Tuzo ya Utafiti ni yake, hata kama ni marehemu. Utaratibu unaruhusu."

Dada aliangua kilio. "Mpeni!" alisema. "Mpeni mama yangu haki yake! Nyinyi mnajua aliitaka kiasi gani?" Akamwaga yote mbele ya wageni: magauni, mstari wa pili, vyombo vilivyooshwa mara mbili. Tulijaribu kumnyamazisha, wapi.

Kimya alikuwa ametumbua macho. "Mwalimu? Aliitaka?"

"Kufa na kupona," Dada akasema.

Mkuu wa idara alishika tama. Na yeye ulimfundisha, na Tuzo yake ya Utafiti iko ukutani ofisini.

"Basi ndiyo kabisa," Kimya akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilisikika hadi jikoni. "Mimi bado kijana, nitapata nyingine. Mwalimu hatapata nyingine."

Na mimi nilikubali, Mama. Nilikuwa tayari nauwazia ukumbi, jina lako likitajwa, Baba akipanda jukwaani. Tulimgeukia yeye. Alikuwa ameshika glasi yake tupu kwa mikono miwili. Tulidhani analia, lakini alikuwa anafikiri.

"Binti yangu," akasema, "siku ya mafuriko nani alikuwa majini?"

"Baba, hilo si—"

"Nauliza tu."

"Mimi."

"Maji yalikufika wapi?"

Kimya akaweka kiganja kifuani, chini kidogo ya shingo.

"Na mke wangu alikuwa wapi?"

Sote tulijua ulikuwa wapi. Ulikuwa kitandani karibu na dirisha la wodi, na Baba alikuwa kando yako.

"Alinikalia kooni siku nzima," Baba akasema. "'Piga simu. Yule mtoto ametoka majini?' Nilipomwambia umetoka ndipo akauliza vizimba." Akaweka glasi mezani. "Natamani kumpa hiyo tuzo. Nyinyi hamjui natamani vipi, mimi ndiye niliyekuwa nalala naye baada ya kila hafla. Lakini kwa njia hii siwezi. Miaka yote ile alikuwa anaweza kujipa mwenyewe, hakujipa. Mimi ni nani nimpe alichokikataa?"

"Hakukikataa!" Dada alisema. "Alikitaka!"

"Alikitaka na akakikataa. Vyote viwili. Nilikuwepo." Kisha akamgeukia Kimya. "Utangulie wewe, mwanangu. Mungu akubariki."

Akatoka uani. Tulimwona kupitia dirishani amesimama karibu na pipa la maji, leso mkononi, na hatukumfuata. Dada alikaa wiki nzima hamsemeshi. Mimi nilikuwa katikati, nachukua maneno huku napeleka kule, "mwambie baba yako," "mwambie dada yako," ungecheka.

Hafla ilifanyika mwezi uliopita. Dada ndiye aliyempigia Baba pasi shati, bila neno, na njiani akamshika mkono. Walipotaja Tuzo ya Utafiti, Kimya alipanda jukwaani na sketi yake nyeusi ya kazini. Tulijua atasema asante na kushuka, kwani ndivyo alivyo. Akavuta kipaza sauti.

"Tuzo hii mwalimu wangu aliitaka," akasema. "Alikuwa anakaa pale mstari wa pili, kila mwaka, anatupigia makofi, na huku anaitaka. Mimi sikujua. Nyinyi mlijua?"

Mama, ukumbi ule ulijaa watu wako. Mrefu alikuwepo, sasa ni profesa na ana mvi. Walikuwepo wote waliochukua tuzo hiyo kwa maswali yako, na wote walikuja tayari kusikia kwa mara nyingine jinsi ulivyowalea. Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi akaacha.

"Nilitaka kumpa," Kimya akaendelea, "nikaambiwa hapana, na najua hata yeye angeniambia hapana, tena kwa kufoka. Kwa hiyo nimeichukua. Ila nataka iandikwe mahali kwamba alikuwa mtafiti."

Akashuka. Baba alisimama, akampokea kama anavyopokewa mtoto wa nyumbani.

Mlangoni Mrefu alitungoja. Hakuwa na pa kuiweka mikono yake. "Mzee," akamwambia Baba, "nilimshukuru kila mahali. Kila hotuba. Nilisema yeye ni mama yangu wa pili. Sikuwahi kusema alikuwa mwanasayansi bora kuliko mimi. Nilidhani anajua kwamba najua."

Baba alimpigapiga begani. Hakumwambia, "Si kitu."

Basi Mama, siri yako imetoka, na kama ungekuwepo tungetafuta pa kujificha. Utusamehe kwa hilo. Kwa lile lingine hatujui kama tukuombe msamaha au la. Tuzo uliyoililia maisha yako yote ilikuwa mikononi mwetu, tukairudisha. Baba anasema tulifanya sawa, na anasema hivyo akifuta macho. Dada anasema ni yako, na hakuna wa kumwondoa hapo. Mimi siku nyingine niko upande huu, siku nyingine ule.

Makala imetoka. Tumeisoma mezani sote watatu, hatukuelewa hata nusu. Tulichoelewa ni majina yaliyo juu: la Kimya mbele, lako mwisho kabisa. Baba aliweka kidole juu ya jina lako akakaa hivyo hadi chai yake ikapoa.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado analala upande wake wa kitanda, na binti yako mkubwa na mumewe uliyemtisha akamwaga chai, na mimi mwanao wa pili na mke wangu, na wajukuu zako wanne, mmoja wao ameanza kuuliza "na kama si hivyo?" na tumeshindwa kumwachisha, na mdogo wako, mama yetu mdogo, anayekuja kila wiki kukagua kama Baba anakula, na Kimya, ambaye sasa ana wanafunzi wake wawili, na msimu huu wataingia majini.

Pumzika, mtafiti wetu. Hatuna siku tutakayokusahau.