Waya wa Sekuru

Baraka, mwezi wa saba 2001

Kwako Baba Mugwaneza, muchunga ng'ombe bila ng'ombe, kule Nairobi,

Nakusalimia sana, weye na wote wa nyumbani kwako. Mugoti wako unasemaje na baridi ya huko? Wangu wa kushoto umegoma tangu masika, lakini mudomo iko muzima, kama utakavyoona. Muke wangu Émilienne anauliza kama umeshajifunza kula samaki, ama bado unamuangalia mukeke kama muntu anaangalia nyoka. Sisi tuko. Vita iko vilevile: leo hawa, kesho bale, na kuku zetu zinaliwa na wote.

Barua yako ililetwa na bale wa mutumbwi wa Ubwari, imekunjwa ndani ya soksi. Kwa hiyo unatengeneza ndege yetu ya zamani ndani ya ordinateur, ile kompyuta ya binti yako! Unasema ni muchezo wa kurusha ndege kwa kioo, na muntu anaweza kuongeza ndege yake mwenyewe, mradi aandike hesabu zake ndani ya faili: uzito, nguvu ya motere, namna inavyokunywa mafuta. Unasema ulikosea nukta moja, ndege ikapanda wima kama moshi wa jikoni, mukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ningependa kuona. Miaka yote ulinipigia kelele juu ya buloni moja isiyokazwa, leo fundi mukubwa anashindwa na nukta!

Nilicheka mpaka nikafika chini ya karatasi. Pale binti yako Mugwaneza ameongeza maneno yake, na usimugombeze. Anasema unarusha ndege ile kila siku, toka Kigoma kuja huku, mapipa ndani na mvua mbele, ukingojea motere ikufie karibu na Ubwari. Ikikufia, unazima kioo na huli chakula. Anasema unajiita muuaji wa Isidore.

Basi ndiyo maana umeniuliza habari za Sekuru. Émilienne, niliyemusomea barua, miaka hii yote alidhani Sekuru alikuwa muzee fulani wa kwenu pale kiwanjani. Ikabidi nimueleze. Nilimuambia kwamba ndani ya ndege yetu, mbele ya mukono wa gesi, ule wa kuongeza nguvu ya motere, kulikuwa waya mwembamba wa shaba, na kando yake maandishi ya Wazungu: puissance de secours. Ukisukuma mukono mpaka waya ukatike, motere inatoa nguvu ya kuokoa roho, dakika tano tu. Baadaye huiamini tena, lazima uifungue yote. Mi, mwenye darasa langu la nne, nilisoma kwa sauti “sekuru”, na weye ukalala chini kwa kucheka, maana kwa lugha yenu sekuru ni babu. Tangu siku ile hatukusema tena kukata waya. Tulisema kumuamsha Sekuru. Hata rubani wetu Isidore, Mukatoliki wa adabu, alisema hivyo. Na kwa kuwa vipuri vilikwisha, mi nikatunga sheria: Sekuru haamshwi bure, maana akiamka mara moja, ndiyo mwisho wake. Niliiimba kama padri. Isidore alikuwa anajibu amina.

Unauliza sasa: dakika zikipita, uandike kwamba motere inapungua nguvu polepole, ama inazima mara moja? Na kama silinda moja ni kuukuu, ile uliyoirudisha kwa kukosa mupya, ukate dakika ngapi? Baba Mugwaneza, mi ni mujinga wa shule, si mujinga wa rafiki. Huulizi juu ya muchezo.

Ile siku ya mwaka wa tisini na sita, walipokuwa wanawinda watu wenu, Isidore aliwapakia nyinyi kwanza: weye, muke wako Nyiramana na batoto. Ulikuwa nyuma unafunga batoto mikanda, hukusikia alichoniambia kwa dirisha. Aliniambia kwamba atarudi na mapipa ya mafuta kutubeba sisi tuliobaki, na kwamba Sekuru anamutunza kwa ajili yetu. Nikamujibu kwamba sisi Babembe tuna babu za kutosha, wa kwake aende naye. Tukacheka. Ndiyo maneno ya mwisho niliyomupa.

Alikufikisha Kigoma, akageuka peke yake. Batu wa Ubwari waliona ndege inatoka ndani ya mvua, chini sana, ikagonga maji ya ziwa mbele ya mulima. Nawe, kule ng'ambo, ukakata kesi: alimuamsha Sekuru, silinda ikapasuka, kosa la fundi Nsengimana, ndiyo weye.

Sikiliza sasa. Kiangazi hiki bavuvi walivuta wavu muzito. Walinipelekea walichopata, maana waliogopa ni bomu. Kulikuwa panga moja la mbele ya ndege, yale yanayozungushwa na motere, na kipande cha mahali pa rubani. Panga limekunjwa kuelekea mbele, na weye ndiye ulinifundisha: linakunjwa hivyo wakati motere inavuta kwa nguvu. Nikasugua matope kwa kidole. Mukono wa gesi umesukumwa mpaka umeugusa waya. Na waya uko pale. Umegeuka kijani, lakini haukukatika.

Motere yako ilivuta mpaka ndani ya maji, ndugu yangu. Isidore hakumuamsha Sekuru. Nguvu ya kuruka mulima ilikuwa pale, nyuma ya kawaya ambako mutoto angekakata kwa meno, na yeye akaitunza kwa safari ya pili, kwa ndege nzito na kiwanja kifupi. Labda alidhani atapita tu. Aliitunza kwa ajili yangu, na kwa ajili ya utani wangu wa Sekuru haamshwi bure.

Na hili sikupata kukuambia: hakukuwa tena muntu wa kubeba. Yeye akiwa bado anapakia mapipa Kigoma, basoda wenye bunduki waliingia kiwanjani, tukakimbia kwa miguu upande wa Lweba. Alikuwa anarudia nyasi tupu.

Kwa faili lako andika dakika tano, na ikipita, ipungue polepole. Silinda yako usiikatie hata dakika moja. Kisha ule.

Ningekuambia uje uushike ule mukono mwenyewe, lakini siwezi kukuita. Ukishuka pwani ya Baraka leo, vijana niliowaona wakizaliwa watakuuliza weye ni wa wapi, na sijui kama wangenisikiliza nikisema weye ni wa kwangu.

Musalimie Nyiramana, umuambie bado ni muzuri kuliko bwana yake. Musalimie Mugwaneza, na asante yake kwa yale maneno ya chini. Mungu awalaze vizuri wote.

Ni mi, aide wako, musaidizi ambaye hukupata nafasi ya kumufukuza,

Eugène, Baba Arlette