Heru Jazz na Mpiga Solo Wake

Jumapili, 5 Februari 2012. Kasulu
Mazoezi nyuma ya kibanda changu cha ufundi redio, kama kila Jumapili. Jenereta limegoma mara tatu, kisha likawaka. Mwalimu Mwakyusa amechelewa, alikuwa anasahihisha madaftari. Salum amekuja moja kwa moja kutoka dukani kwake, futi ya kupimia vitambaa bado inaning'inia shingoni. Dismas, fundi muashi, ameshuka kutoka Heru Juu kwa bodaboda, kakumbatia ngoma moja kama mtoto mgonjwa.
Mwalimu besi. Salum sauti. Dismas dramu. Mimi gitaa la solo. Hiyo ndiyo Heru Jazz.
Leo tumepiga vibaya sana. Nimefurahi hata hivyo.

Jumatano, 20 Juni 2012
Mwalimu amehamishwa. Songea. Barua imemfikia jana, wiki mbili tu awe ameripoti. Alikuja kunionyesha, hakukaa hata kwenye kiti. Mke wake anashukuru, watakuwa karibu na kwao Tukuyu kuliko huku.
Karibu! Nimeangalia ramani ya mwanangu ya shule. Si karibu hata kidogo. Sikumwambia.
Besi ni mali ya bendi, imebaki. Nimeitundika ukutani. Sipendi kuiangalia.

Jumamosi, 15 Septemba 2012
Yona wa Muyama, aliyekuwa anapiga besi kwaya ya kanisani, amedumu kwetu wiki tatu. Leo kaja kuaga. Wazee wa kanisa wamemwambia achague. Kachagua kwaya. Alikuwa anakaribia kulia, mtu mzima yule, mkulima mwenye mikono kama jembe.
Tunapiga bila besi. Ni kama ugali bila chumvi, anasema Dismas. Nikamwambia ugali hautiwi chumvi. Hatukucheka.

Jumanne, 12 Machi 2013
Leo jambo la ajabu.
Mama mmoja Mkongomani kaleta redio yake nimtengenezee. Anaishi kambi ya wakimbizi, anatoka kwa kibali, siku moja moja. Jina Furaha. Mjane. Nilipoinama kutafuta waya uliokatika, nikasikia besi. Kaishusha ukutani bila kuomba, kaitia sauti upya kwa sikio, anapiga. Haina umeme, lakini nilisikia kila kitu.
Baba yake alikuwa mpiga gitaa huko Fizi. Alimfundisha yeye kwa sababu watoto wa kiume hawakutaka.
Nikamuuliza kama Jumapili anaweza kuja. Akasema, "Kama kibali iko, miye niko."
Redio sikumtoza.

Jumapili, 14 Julai 2013
Harusi Rungwe Mpya. Mchana, jua kali, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Jenereta lilianza kuzima, nikamwachia Furaha gitaa langu ili nilishughulikie. Salum akampokea besi, anaigusagusa tu.
Nilikuwa nyuma ya nyumba, mikono imejaa mafuta, nikasikia solo. Sio yangu. Wimbo ni wangu, nimeupiga miaka, lakini sikujua kwamba unaweza kwenda kule alikoupeleka. Bibi harusi aliinuka. Wazee waliinuka. Jenereta lilikuwa limeshapona, mimi bado nimechuchumaa pale.

Jumatatu, 15 Julai 2013
Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Nimekuwa mpiga solo wa Kasulu hii tangu nina nywele nyeusi, na mwanamke aliyekuja na redio mbovu ananizidi. Ananizidi mbali.
Mke wangu kauliza naumwa nini. Nikasema tumbo.

Jumamosi, 24 Agosti 2013. Kibondo
Nataka kuandika hili lote, hata kama linaniaibisha.
Tulikuja juu ya lori la maharage, vyombo vikiwa katikati ya magunia. Uwanja ulijaa. Tulianza saa nane mchana. Nyimbo tatu zikaenda vizuri. Wa nne, kuna watu walikuwa Rungwe Mpya siku ya harusi, wakaanza kupiga kelele: "Mpe solo mama wa besi! Mpe mama!" Uwanja mzima ukadaka. Salum, kwenye maikrofoni, akacheka akasema tumpe.
Sikutoa gitaa. Nikaongeza sauti. Furaha yeye akaendelea na besi yake kwa utulivu, lakini akaanza kucheza nayo kule juu, akinijibu, watu wakashangilia. Nikasogea nyuma nikachomoa waya wake kwenye amplifaya.
Mbele ya watu wote.
Dismas aliacha kupiga. Furaha aliuviringisha waya taratibu, akaulaza juu ya besi. Akaniambia, wala hakupandisha sauti:
"Papa Bukuru, vita niliikimbia. Weye sikukimbii. Ninakuacha tu."
Akashuka. Karudi Kasulu na lori jingine.

Jumanne, 8 Oktoba 2013
Salum kaondoka. Kafungua duka Kibondo na mjomba wake. Kasema ni biashara. Wote wawili tunajua si biashara. Hajaniambia neno baya, na hilo ndilo linaniuma.
Tumebaki mimi na Dismas. Watu wawili si bendi.

Jumapili, 19 Januari 2014
Hakuna mazoezi. Mvua. Sijashika gitaa tangu Krismasi.
Dismas alipita kuniona, viatu vimejaa tope la Heru Juu. Akanywa chai, kisha akasema: "Kaka, mimi nitakuja kila Jumapili hata tukiwa wawili. Lakini kosa ni lako, na wa kulirekebisha ni wewe."
Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Nilitaka kumfukuza. Nikamwongezea chai.

Alhamisi, 10 Aprili 2014
Nimekwenda.
Bodaboda mpaka sokoni karibu na lango la kambi, ambako Wakongomani na watu wa vijiji vyetu wanauziana. Nilimkuta Furaha kakaa nyuma ya mafungu ya unga wa muhogo. Aliniona kutoka mbali. Hakusimama.
Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakapotea yote. Nikasema tu nilikosa, nilimwonea, na nilifanya hivyo kwa sababu yeye ni bora kuliko mimi. Kulisema kwa sauti kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Baada ya kulisema nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.
Alimalizana na mteja kwanza. Kisha akanipa masharti mawili. Solo ni yake, mimi nipige ridhimu, gitaa la kusindikiza. Na siku tukirudi Kibondo, niwaambie watu kwa mdomo wangu nilichofanya.
"Kama ni kidogo kidogo, hapana," alisema. "Yote, ao basi."
Nikasema yote.
Kanifungia unga kidogo nimpelekee mke wangu.

Jumapili, 18 Mei 2014
Furaha ana gitaa langu, mimi nimeazima jingine. Ridhimu ni ngumu! Nilikuwa naidharau. Kazi ya wasiojua solo, nilisema hivyo mara ngapi. Huwezi kujificha hata kidogo. Ukichelewa, wote wanaanguka. Vidole vinauma kama naanza leo. Furaha ananisahihisha bila huruma, nami namsikiliza.
Dismas anatabasamu nyuma ya dramu. Anadhani simwoni.

Jumapili, 14 Septemba 2014
Yona kakubaliwa! Kaongea na mchungaji mwenyewe: harusini na kwenye sherehe za mchana ruhusa, baa hapana. Besi imeshuka ukutani. Kaja kwa baiskeli kutoka Muyama, kafika kalowa jasho, hakutaka hata maji, alitaka besi.
Na sauti tumepata. Nesi mpya wa hospitali, Anastazia, Mhaya wa Bukoba. Alikuwa anapita njia, akasimama, akaimba nasi kutoka barabarani, kapu la nyanya mkononi. Hajui Kiha, anaimba maneno ya Kiha vibaya kabisa na watu watampenda kwa hilo hilo.
Watano. Sijawahi kuwa na watano.

Alhamisi, 4 Desemba 2014
Tunakwenda Kibondo Jumamosi. Kibali cha Furaha hakijasainiwa. Nimekwenda mara mbili. Wananiambia mwenye kusaini yuko safarini, rudi kesho. Bila Furaha siendi. Nimewaambia wote, hakuna aliyebisha.
Sehemu yangu moja inaomba kibali kisitoke. Sehemu ile inaogopa maikrofoni. Nimeiona, naiandika ili nisijidanganye.

Ijumaa, 5 Desemba 2014
Kimetoka saa tisa alasiri. Siku mbili. Furaha alikibusu.

Jumamosi, 6 Desemba 2014. Kibondo
Kabla ya wimbo wa kwanza nilichukua maikrofoni. Nikasema: mwaka jana nilichomoa waya wa mama huyu hapa hapa, si kwa sababu ya hitilafu kama wengine mlivyodhani. Niliona wivu. Nimekuja kuomba radhi, kwake na kwenu.
Nikaona watu wanatazamana. Kisha mtu mmoja mbele, futi shingoni, akapiga makofi. Salum! Hakuwa ameniambia atakuja. Makofi yakaenea mpaka nyuma.
Furaha hakunitazama. Alianza tu. Nikamfuata.
Sijui tulipiga muda gani. Kuna mahali kwenye wimbo wa mwisho, solo yake ilipanda juu kabisa na mimi chini yake nashikilia, sipungui, siongezi, na nikaelewa kwamba hawezi kupanda vile kama mimi sipo pale. Hakuna aliyenitazama. Sijawahi kupiga vizuri hivyo maishani mwangu.

Jumapili, 22 Machi 2015. Kasulu
Mvua ndogo, ukungu umeshuka. Mazoezi ndani ya kibanda, tumebanana.
Furaha katuambia yeye na wanawe wameitwa kwenye usaili wa kupelekwa nchi ya mbali. Pengine mwakani, pengine baadaye, pengine hapana. Anastazia alimshika mkono. Yona akainamisha kichwa.
Nilingoja moyo wangu ushtuke. Ulishtuka kidogo tu. Nitaumia akienda. Nitamfurahia pia. Atakuja mwingine, simjui bado, na nitamsogezea kiti.
Nikamuuliza tuanze na upi. Akasema ana mpya, kautunga wiki hii, hauna jina. Akatuonyesha akodi zake kidole kwa kidole, polepole, mara mbili.
Tukaanza.