Tulisoma Wawili kwa Jina Moja

Yaya wangu,

Nimesikia sasa wanakuita mwalimu huko Kampala. Nimefurahi, na nimenuna. Vyote viwili, ila kununa ndiko kwingi. Sina sababu ya kukuficha wewe, dada mkubwa uliyenisuka nywele tangu nikiwa mtoto.

Unakumbuka tulivyoanza hapa Goma? Nafasi ya kusoma shahada mtandaoni ilikuwa moja, simu moja, na sisi wawili. Ukasema, "Tuweke jina yangu, njo iko mufupi." Nikacheka, nikakubali. Asubuhi ulikwenda sokoni Kituku kuuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, nami nikabaki na simu darasani. Mchana ulirudi, nikakusimulia somo ukiwa unanawa harufu ya samaki mikononi. Kisha ukashika simu wewe, mimi nikaenda kumsaidia Mama kuuza makaa.

Mlima wetu wa volkeno ulipolipuka tulikimbilia njia ya Sake, wewe na godoro kichwani, mimi na simu kifuani. Pale Lac Vert ardhi ilikuwa bado inatetemeka. Nilimaliza zoezi la mwisho huku wewe na Mama mkitafuta maji. Uliporudi uliuliza kitu kimoja tu.

"Devoir ilienda?"

"Zoezi lilienda, Yaya."

Ukanikumbatia mpaka ndoo ikamwagika, na Mama akatugombeza sote wawili.

Baadaye vita vikashuka kutoka Masisi. Wewe ulipata nafasi ya kuendelea na masomo Kampala, ukaondoka, mimi nikabaki na Mama. Waasi walipoingia mjini na mtandao ukakatika, nilitembea hadi ufukweni Kyeshero kutafuta mtandao wa ng'ambo ya mpaka, nikuandikie tu kwamba tuko wazima.

Juzi ulitetea utafiti wako, nasi tukakutazama kwenye simu ileile. Ulieleza jinsi mfumo wa masomo ya mtandaoni unavyowafuatilia wanafunzi, na kwa nini wengi katika miji yenye vita huacha njiani. Kisha ukaonyesha mchoro wa mwanafunzi wa Goma ambaye hakuacha. Mfumo ulimkuta darasani asubuhi, ukamkuta tena mchana, hata wiki ile ya mlima. Profesa mmoja akauliza, "Huyu alikuwa anapumzika saa ngapi?"

Ukatabasamu. "Ni mimi mwenyewe, Profesa. Nilikuwa na bidii."

Mama alipiga makofi. Mimi nilikuwa bado naangalia ule mstari wa asubuhi.

Nina wivu, Yaya. Nalionea wivu joho lako, kiti chako kinachozunguka, na huo umeme wenu usiokatika. Hivyo vyote ningekuachia. Asubuhi zangu ndizo zinaniuma. Ungesema tu kwamba tulikuwa wawili! Najua wangekunyang'anya shahada. Najua kabisa, na bado nilitaka useme.

Jana nilijiandikisha mwenyewe, kwa jina langu refu. Nitaanza mwaka wa kwanza, masomo yaleyale. Mfumo ukaniuliza: umewahi kusoma kwa njia ya mtandao? Ndiyo au hapana. Nilikaa na simu mkononi, nikakuwaza wewe na shahada yako. Nikabonyeza hapana.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Kaa salama huko, Yaya.

Mdogo wako,
yule wa asubuhi