Video ya Makokha

Doha, 8 Machi 2024

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila miguu inafura kwa kusimama. Madam ninayemfanyia kazi hunipa simu Ijumaa pekee, kwa hivyo nikikawia kujibu usinune.

Apondi, yule mhudumu wa afya wa mtaa, ameniandikia. Kwa kuwa Makokha alichelewa kulia alipozaliwa, kliniki inataka kumpima kwa programu mpya ya simu. Mtoto hurekodiwa video akiwa chali, halafu simu inasoma anavyorusha mikono na miguu. Ikiona kasoro, anaanzishiwa mazoezi mapema, ubongo ukiwa bado mchanga. Mama, tafadhali kubali. Nilimwacha hata shingo haijakaza na sina video yake hata moja. Mwambie Apondi anitumie na mimi.

Ni mimi bintiyo,
Nafula

Dandora, 13 Machi 2024

Nafula mwanangu,

Tuko salama kwa neema ya Mungu. Mgongo ni ule ule, tumezoeana. Hii simu ya tochi inanitoa jasho kuandika, lakini nitajikaza.

Apondi alikuja jana. Ati mtoto avuliwe abaki na nepi, alazwe mkekani, asiguswe wala asiimbiwe. "Shosh, wewe muwache tu ajirushe," ananiambia, mimi nyanya niliyewalea ninyi nyote. Makokha alikuwa amelala fofofo, basi akaniachia simu yake hadi jioni na kunionyesha pa kubonyeza. Sijawahi kuona mtoto akifanyishwa mtihani kabla ya kumea meno. Lakini mtihani ni wa kupita, na amepita, utaona. Dada ya mumeo Opicho alikuwa hapa juzi, akamtazama mtoto miguu na kuguna. Hao watu wa mume wako wanatafuta tu sababu ya kusema mtoto si wa ukoo wao.

Mchana ninakaa pia na Kimani, mtoto wa Jacky jirani, mama yake akienda kuuza viatu Kariokor. Wamelingana umri na Makokha. Usiwe na wasiwasi.

Mama yako,
Asenath

Doha, 29 Machi 2024

Mama mpendwa,

Hamjambo nyumbani? Leo nina furaha mpaka kazi ni nyepesi. Apondi anasema simu haikuona kasoro yoyote, na kliniki haina haja naye tena. Video nimeitazama nikalia. Kumbe ana mateke hivyo! Nimembusu kwenye kioo hadi Mfilipino ninayelala naye chumba kimoja akanicheka. Mungu akulipe, Mama.

Bintiyo,
Nafula

Dandora, 21 Septemba 2024

Nafula mwanangu,

Salamu. Natumaini joto la huko limepungua. Umeniuliza tena kama Makokha anaketi. Wavulana huchelewa, hata kaka yako alichelewa. Fanya kazi yako, mambo ya huku niachie.

Mama yako

Doha, 22 Novemba 2024

Mama,

Sijui nikuamkie vipi leo.

Apondi alipita kwako na matone ya vitamini. Alimkuta Makokha ameegemezwa mito, kichwa kinaanguka. Akamrekodi alivyo, akanitumia. Nimeziweka video mbili pamoja. Mtoto wa video ya kwanza kitovu kimetokeza. Wangu nilimwosha kwa mikono yangu, hana kitovu kama hicho. Yule ni Kimani wa Jacky, sivyo? Ijumaa zote hizi nimekuwa nikimbusu mtoto wa jirani.

Kwa nini, Mama?

Nafula

Dandora, 24 Novemba 2024

Mwanangu,

Hujaniuliza hata hali yangu. Sawa.

Makokha alilala pale mkekani kimya, ngumi amezikunja, miguu imekakamaa. Kimani alikuwa kando akijirusha. Nikamweka yeye. Jacky hajui. Ungepata habari, ungekatiza kandarasi urudi mikono mitupu, na kwa kina Opicho wangetangaza kwamba nyumba yetu ina laana. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Nilijua atakomaa, mbona watoto hukomaa. Nimemkanda kwa mafuta kila asubuhi mpaka vidole vyangu vikaniuma. Hilo hakuna simu iliyolirekodi.

Mama yako

Doha, 29 Novemba 2024

Mama,

Kombe ulilifunika, na aliyekuwa ndani ni mwanangu. Apondi amenieleza kwamba mazoezi yataanza sasa, lakini ile miezi bora imepita na hakuna wa kuirudisha. Jumamosi atakuja na binamu yangu Eve wa Komarock. Mpe Eve mtoto na nguo zake. Ataishi kwake hadi nirudi. Usibishane nao mlangoni.

Nafula

Dandora, 16 Machi 2025

Nafula mwanangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima. Mimi mgongo umezidi, lakini sikuandika kwa ajili ya hilo.

Nimekuandikia Krismasi, nikakuandikia Januari. Eve hapokei simu yangu. Nilifunga safari hadi Komarock, nikasimama getini mpaka askari akanihurumia na kuniletea kiti, lakini mlango haukufunguliwa. Apondi akiniona njiani anavuka barabara. Nikasirikieni, ni haki yenu, na mimi pia nina hasira zangu, kwa sababu katika hawa wote ni mimi niliyemshika usiku akilia.

Ukinichukia, nichukie. Nijibu jambo moja tu, kisha unyamaze miaka yote unayotaka. Anaketi?

Mama yako,
Asenath